Pazia jeupe la asilimia 5 limeigeuza bahari kuwa ukungu, jeusi la jirani la asilimia 5 linaonyesha kila kitu. Kwa nini?

#1 Dirisha la Posta
Habari za asubuhi, wakuu. Tumehamia ofisi iliyo ghorofa ya 9 hapa Posta, Dar es Salaam, ambayo madirisha yake yanatazama mashariki, kwenye mlango wa bandari na Kigamboni. Jua lilikuwa likitupiga usoni kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kwa hiyo tukaweka mapazia ya kuviringisha, yale ya kitambaa chenye matundu madogo, ambayo muuzaji alituhakikishia kwamba tungeendelea kuona nje kama kawaida. Tulichagua rangi nyeupe ya maziwa ili ofisi isiwe na giza. Lebo ya kitambaa inasema uwazi ni asilimia 5.

Sasa pantoni likivuka ninaliona kama kivuli kinachotembea nyuma ya mvuke. Jirani yetu wa korido hiyo hiyo ameweka kitambaa cheusi, nacho ni cha asilimia 5, kimetoka duka lile lile, lakini kwake nilisimama asubuhi hiyo hiyo nikahesabu magari yaliyo juu ya pantoni. Ikiwa asilimia ni moja, mwonekano unatofautianaje kiasi hiki? Je, tumeuziwa kitambaa ambacho sicho, au rangi ina kazi ambayo sikuijua?

#2 Kiti cha Nyuma
Mkuu, una ghorofa ya 9 na bahari mbele yako, halafu unalalamika? Dirisha langu linatazama tangi la maji la jirani, na hilo ninaliona vizuri mno hata pazia likiwa limeshuka. Nimekaa, ninawasubiri wataalamu.

#3 Fundi wa Mkunguni
Nimefunga mapazia haya kwa miaka 14, na swali hili huulizwa na wateja baada ya kulipa, si kabla. Kwanza tuelewane kuhusu hiyo asilimia. Wengi hudhani kwamba asilimia 5 ni kiasi cha kuona nje. Sivyo. Ni sehemu ya kitambaa ambayo ni matundu matupu: katika kila sentimita 100 za mraba, 5 ni matundu na 95 ni uzi. Kuna vitambaa vya asilimia 1, 3, 5 na 10, na lebo haikwambii lolote kuhusu hizo 95 zilizobaki.

Uzi wenyewe ni wa poliesta au wa nyuzi za kioo, umevishwa plastiki. Mkuu, chukua kipande kilichobaki, washa tochi ya simu nyuma yake, kisha utazame kwa karibu. Katika kitambaa cheusi utaona vitone vya mwanga tu, na uzi unabaki mweusi. Katika cheupe uzi wote unawaka kama taa ya kandili. Hukuuziwa kitambaa ambacho sicho. Uliuziwa rangi ambayo sio.

#4 Mwalimu Mstaafu
Fundi amesema kweli, nami niongeze hesabu ndogo, kwa sababu jicho halijali sana mwanga ni mwingi au ni mchache. Linajali tofauti kati ya kitu na kile kilicho nyuma yake.

Tuseme bahari inang'aa kwa kiasi cha vizio 4,000 na ubavu wa meli vizio 2,000. Bila pazia, bahari inaishinda meli mara mbili. Kupitia matundu ya asilimia 5, bahari inabaki 200 na meli 100. Kumekuwa na giza, lakini bahari bado ni mara mbili ya meli, na jicho linazoea. Uzi mweusi unaongeza mng'ao wake mdogo, tuseme 10, basi tunapata 210 kwa 110. Hakuna kilichoharibika. Uzi mweupe uliopigwa na jua unaweza kuongeza 400 kila mahali, mbele ya meli na mbele ya bahari kwa usawa. Tunapata 600 kwa 500. Tofauti iliyokuwa ya mara mbili sasa ni moja ya tano tu, na huo ndio ukungu unaouona. Tarakimu ni zangu za mfano, ila mwenendo wake ndio huo.

#5 Bi Shangani
Assalam aleikum. Mwalimu umetumia hesabu, mimi ninatumia uso wangu. Huvaa nikabu yenye kitambaa chepesi cheusi juu ya macho, na mchana wa jua kali hapa Unguja ninaona njia, ninaona bei za sokoni na ninamwona anayenikwepa kwa sababu ya deni. Yeye hanioni. Mwaka fulani nilishona ya rangi ya maziwa kwa ajili ya harusi, kitambaa kilekile cha shifoni, bali rangi tofauti. Nilipotoka uani kwenye jua nilishikwa mkono kama kipofu. Nilipoingia ndani kwenye kivuli nikaanza kuona tena. Kwa hiyo jambo hili wanawake wa pwani walilijua kabla ya maduka ya mapazia.

#6 Kiti cha Nyuma
Bi Shangani, kumbe ndiyo maana yule mama wa maandazi hunitambua kutoka ng'ambo ya barabara hata nikijifunika kofia. Deni nitalilipa.

#7 Baba Mwenye Nyumba
Nimesoma yote, na kwa heshima ninapinga. Nyumba yangu iko karibu na bahari, na madirisha yana nyavu za mbu. Miaka ya kwanza niliona nje vizuri; mwaka wa tatu kila kitu kikawa na utando. Rangi ya wavu haikubadilika. Kilichobadilika ni vumbi na chumvi ya bahari vilivyoziba matundu na kuganda juu ya uzi. Nilizitoa, nikazisugua kwa sabuni na brashi laini, na minazi ikarudi. Mwenye ofisi aanze na kitambaa na maji kabla hajaingia gharama nyingine, na asisahau kioo chenyewe upande wa nje, maana ghorofa ya 9 hakuna anayekiosha.

#8 Mchora Ramani
Ninaandika kutoka Mombasa, ambako tatizo ni lile lile: sisi tuko nyuzi 4 hivi kusini mwa Ikweta, jua la mchana huwa juu sana na varanda hulizuia kwa urahisi, lakini jua la asubuhi na la jioni huingia chini ya kila kibaraza. Ndiyo maana ofisi za mashariki na magharibi haziwezi kukwepa pazia.

Nina marekebisho kwa Fundi. Hiyo asilimia ya matundu hupimwa kwa kutazama kitambaa moja kwa moja, usawa wa uso. Uzi una unene, na tundu lina kina kama kisima. Ukitazama kwa mshazari, kuta za kisima zinakutana na tundu linajifunga. Mtu wa ghorofa ya 9 anayetazama pantoni lililo karibu na gati anatazama chini kwa mshazari mkubwa, hivyo asilimia 5 ya lebo kwake inaweza kuwa 2. Ningependa kujua kama mwenye ofisi, alipokuwa kwa jirani, alisimama pale pale na kutazama kwa pembe ile ile.

Kuhusu rangi, viwango vya Ulaya vimelitambua hilo. Kiwango kiitwacho EN 14501 huviweka vitambaa katika madaraja kuanzia 0 hadi 4 kwa jinsi vinavyomruhusu mtu kuona nje, na hakitumii matundu peke yake: kinapima mwanga unaopita moja kwa moja na, kando yake, mwanga unaotawanyika ndani ya uzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, nao mwaka 2015 walitoa kipimo cha uangavu wa mwonekano kinacholinganisha matundu na mwanga wote unaopenya. Mwanga ukipita zaidi kwenye uzi kuliko kwenye tundu, mwonekano unaharibika. Vitambaa viwili vya asilimia 5 vinaweza kupata madaraja tofauti kabisa.

#9 Picha Mnato
Hamjagusa jicho lenyewe. Ninapiga picha, na nikikuta uzio wa waya kati yangu na mnyama, ninasogeza lenzi karibu na waya, ninafungua tundu la lenzi kwa upana wake wote na kulenga mbali. Waya unayeyuka, simba anabaki. Nikirudi nyuma hatua 5, waya unajitokeza tena na kuharibu picha. Nadhani mwenye ofisi kwake anakaa mbali na dirisha, na kwa jirani alisimama karibu. Jicho lililo katikati halijui lilenge uzi au bahari. Sogeza meza.

#10 Mwalimu Mstaafu
Picha Mnato, nusu ya maelezo yako ninaikubali. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya takribani moja ya 60 ya digrii 1, ambayo kwa umbali wa mita 3 ni karibu milimita 0.9. Matundu ya kitambaa hiki hayafiki huko. Kwa hiyo aliyekaa mita 3 haoni uzi wala tundu, anaona utaji mmoja laini, na jicho lake halina waya wa kulenga. Aliye karibu, kwa sentimita 40, ndiye anayesumbuliwa na nyuzi. Na utaji ule una mng'ao ule ule, uwe karibu au mbali. Simba wako alikuwa nyuma ya waya mweusi, mkuu. Jaribu uzio uliopakwa rangi nyeupe, jua likiupiga kwa nyuma.

#11 Picha Mnato
Nimewahi kujaribu, Mwalimu, na picha ilitoka imepauka. Lakini nilisogea na ikapungua kupauka. Hilo nalo linahitaji jibu.

#12 Muuguzi wa Muscat
Salamu kutoka Oman. Huku jua la kiangazi ni adui wa wazi, na wodi tuliyokuwa nayo zamani ilikuwa na mapazia mazito yaliyoshushwa kuanzia asubuhi hadi magharibi. Wagonjwa wakawa hawajui ni saa ngapi. Tulipobadilishiwa yale ya matundu, ya kijivu kilichoiva, mzee mmoja alinionyesha mlima kwa kidole kana kwamba umejengwa usiku ule. Msilichukulie suala la kuona nje kama anasa ya ofisini. Kuna utafiti wa Marekani ulioonyesha kwamba mgonjwa mwenye dirisha linalotazama miti hupona kwa nusu ya muda.

#13 Mchora Ramani
Dada Muuguzi, ninakushukuru, ila tuweke tarakimu mahali pake. Utafiti huo ni wa Roger Ulrich, ulichapishwa mwaka 1984, na ulitumia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania za kati ya mwaka 1972 na 1981. Walikuwa wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo, 23 wakitazama miti na 23 wakitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini wastani wa siku 7.96, wenzao 8.70. Pia walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Si nusu ya muda, ni pungufu ya siku moja. Na utafiti ule haukuhusu pazia.

#14 Kiti cha Nyuma
Na sisi tunaotazama tangi la maji, Ulrich alituwekea siku ngapi?

#15 Muuguzi wa Muscat
Nimepokea marekebisho, nilikuwa ninakumbuka kwa kusikia. Mzee na mlima wake nilimwona kwa macho yangu.

#16 Baba Mwenye Nyumba
Hakuna aliyejibu kuhusu vumbi. Na kwa kuwa nyote mnaisifu rangi nyeusi, nani atazungumzia joto? Kitambaa cheusi kinakunywa jua. Nguo nyeusi ikianikwa na nyeupe, ipi inaunguza mkono? Mnamwambia mtu abadilishe mapazia ili aone pantoni, kisha umeme wa kiyoyozi umle.

#17 Fundi wa Mkunguni
Mzee ana haki hapo. Pazia likiwa ndani ya kioo, jua limekwisha kuingia. Cheupe kinalirudisha sehemu nje kupitia kioo, cheusi kinalishika na kulimwaga chumbani. Nimewahi kugusa kitambaa cheusi saa 3 asubuhi kwenye dirisha la mashariki, nikaondoa mkono. Wanaoweza hufunga nje ya kioo, lakini kwenye ghorofa zetu upepo wa kusi hauna huruma na reli nyembamba.

Ipo njia ya kati: kitambaa chenye nyuso mbili, upande wa nje cheupe au chenye rangi ya fedha, upande wa ndani cheusi au kijivu kilichoiva. Bei yake iko juu, na hapa mjini mara nyingi ni cha kuagiza. Nikiri jambo jingine: mafungu hutofautiana. Nimepata marobota ya lebo moja, nikayaweka juu ya taa, na moja likawa limejaa plastiki kwenye matundu. Sisemi ndivyo ilivyo kwa mkuu wa Posta, ninasema lebo si kiapo.

#18 Bi Shangani
Fundi, cheupe nje na cheusi ndani, hiyo tunaita kanga na bitana.

#19 Mama Zamu ya Usiku
Ninaongeza tahadhari kwa anayetaka kubadilisha. Ofisi yetu ina vitambaa vyeusi vya asilimia 10. Mchana ni raha tupu, tunaona nje na hakuna anayetuona. Siku moja tulibaki kufunga hesabu za mwaka hadi saa 3 usiku, taa zimewaka, mapazia yameshuka, tumevua viatu na tunakula chipsi mayai juu ya mafaili. Kesho yake mlinzi wa jengo la mbele akaniuliza kama zilikuwa na chumvi ya kutosha. Usiku mambo yanageuka: palipo na mwanga ndipo panapoonekana. Mkitaka faragha ya usiku, wekeni pazia la pili zito.

#20 Mwalimu Mstaafu
Ndiyo kanuni ile ile ya Bi Shangani, imegeuzwa. Kwa kuwa tumefika usiku, mkuu wa Posta ajaribu kutazama taa za kreni za bandarini kupitia pazia lake. Kila taa itakuwa na msalaba mdogo wa vitone vya mwanga, kwa sababu mwanga hupinda kidogo upitapo kwenye matundu membamba, na kitambaa kilichofumwa kwa mistari ya mraba huupanga hivyo. Ni jambo hilo hilo mtu aliona utotoni alipotazama taa ya barabarani kupitia kitambaa cha mwavuli. Hili nalo hupunguza ukali wa picha, ingawa kwa mchana sidhani kama ndilo lililomficha pantoni.

#21 Mchora Ramani
Nimalizie la matundu kwa mfano wa zamani. Roshani za mbao zenye vimiani, ambazo hapa Mji wa Kale na kule Mji Mkongwe bado zipo, ziliwafaa waliokaa ndani kwa sababu mbao ni nyeusi na vyumba vina giza. Msanifu wa Misri Hassan Fathy alipoeleza mashrabiya, yaani roshani kama hizo, za Cairo alibainisha mambo mawili: vijiti vyake ni vya mviringo, hivyo mwanga haukatiki ghafla ukingoni bali unafifia taratibu na macho hayaumii, na matundu hubanwa usawa wa macho, kisha hupanuliwa juu ili chumba kisikose mwanga. Mapazia yetu ya leo yana tundu la ukubwa mmoja kuanzia juu hadi chini, na hiyo kwangu ni kurudi nyuma. Fundi, kwa nini msishone vipande viwili?

#22 Fundi wa Mkunguni
Kwa sababu mshono ukijiviringisha kwenye bomba unafanya nundu, na pazia linashuka likiwa limepinda. Niliwahi kujaribu kwa mteja mmoja. Hakunipigia tena.

#23 Kiti cha Nyuma
Uzi huu umekuwa na nyuzi nyingi kuliko kitambaa chenyewe. Mwenye mada yuko wapi?

#24 Dirisha la Posta
Nipo, na ninawashukuru nyote. Nilitaka nirudi na majibu badala ya maneno, kwa hiyo nimechukua siku 4.

Siku ya kwanza nilimtii Baba Mwenye Nyumba. Tulifuta pazia moja kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kioo tukakifuta kwa ndani tu. Maji yalitoka ya kijivu, jambo lililotushangaza kwa pazia la wiki 5. Mwonekano uliongezeka kidogo, lakini ukungu ulibaki.

Siku ya pili nilizima taa za dari, kwa sababu niligundua kwamba uso wa ndani wa kitambaa cheupe unarudisha mwanga wake machoni petu. Palitulia kidogo, si sana.

Siku ya tatu jirani aliniazima kipande cha kitambaa chake cheusi, kama upana wa gazeti, nikakining'iniza kando ya cheupe kwenye dirisha lile lile. Saa 2 asubuhi, jua likiwa juu ya Kigamboni, kwenye cheusi niliona pantoni, kamba zake na mtu mwenye fulana nyekundu akiegemea reli. Kwenye cheupe niliona mng'ao tu, na nilipokodoa macho, umbo la kitu kirefu. Hapo Mwalimu na Fundi wangeshangilia. Lakini nilirudi saa 9 alasiri, jua limehamia upande wa pili wa jengo, na vitambaa vile viwili vilikaribiana kiasi kwamba karani wetu, ambaye nilimwomba achague bila kumwambia kitu, alichagua cheupe kwa sababu "kina mwanga mzuri". Nilipoinama kutazama gati lililo chini kabisa, vyote viwili vilijifunga, kama alivyosema Mchora Ramani.

Siku ya nne niliweka vipande vyote viwili juu ya tochi ya simu. Matundu ya cheupe yanaonekana madogo zaidi kwa macho yangu, ila sina kifaa cha kuyapima, na karani anasema ni sawa tu. Na yule aliyekaa karibu na kipande cheusi alisogeza kiti saa 3 kwa sababu ya joto.

#25 Mwalimu Mstaafu
Saa 9 alasiri ndilo jibu lenyewe. Jua likiondoka kwenye uzi, uzi hauna cha kumwaga.

#26 Baba Mwenye Nyumba
Maji ya kijivu baada ya wiki 5 ndilo jibu lenyewe. Na kioo cha nje bado hakijaoshwa.

#27 Fundi wa Mkunguni
Mkuu, nitumie kipande cha cheupe kwa basi, nina vipande vya lebo hiyo vya kulinganisha nacho juu ya taa. Usiagize kingine kwanza.

#28 Dirisha la Posta
Nitakituma Jumatatu, Fundi. Kwa sasa tunapandisha mapazia saa 4 asubuhi jua linapohama, na karani amekabidhiwa kamba.

#29 Kiti cha Nyuma
Amwangalie na yule mwenye fulana nyekundu, huenda anadaiwa na Bi Shangani.